Maswali na Majibu: Programu Huria Inapokataa Kukompailiwa

Barua za safari hii zinahusu jambo moja. Msomaji amepakua msimbo chanzo wa programu huria ili aukompaili, yaani augeuze kuwa programu inayoweza kuendeshwa, amefuata maelekezo yaliyoambatana nao, na kompyuta yake ya mezani imekataa. Barua nyingine tumezifupisha, na zilizouliza jambo lilelile tumezijibu kwa pamoja. Amri zinazotajwa ni za Linux, na jumbe za makosa tumeziacha kama zinavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa msomaji atalazimika kuzitambua kwa umbo hilohilo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepakua programu ndogo ya kubana mafaili ambayo haimo katika hazina ya vifurushi vya mfumo wangu wa Debian. Nilipoandika “make -j8” kama nilivyoelekezwa, skrini ilijaa mistari ya makosa hadi nikashindwa kujua nianzie wapi. Katikati nimeona “fatal error: zlib.h: No such file or directory”, na mwishoni “make: *** [...] Error 1”. Lakini zlib, maktaba ya kubana data, imo ndani ya kompyuta yangu, nimehakikisha. Je, nisakinishe upya mfumo mzima? — Mwanafunzi wa chuo

JIBU: Ndugu, mfumo wako hauna hitilafu yoyote, wala hakuna sababu ya kuusakinisha upya. Kompyuta imekwisha kukutajia kitu inachokikosa, ila ujumbe huo ulizama katika wingi wa mistari. Make ni zana inayoendesha hatua za kukompaili, na ulipotumia “-j8” uliiruhusu kazi nane ziende kwa wakati mmoja, na kila moja ikaandika malalamiko yake ikiwakatiza wenzake. Rudia kwa “make -j1 2>&1 | tee matokeo.txt”, kisha fungua faili la matokeo.txt na ulisome kuanzia juu ukitafuta mahali pa kwanza penye neno “error”. Hapo ndipo penye kiini. Mstari wa mwisho kabisa, ule wa “Error 1”, husema tu kwamba kuna hatua iliyoshindwa, hausemi kwa nini. Hata hivyo watu wengi wanaoomba msaada huunakili huo peke yake na kuacha yaliyo juu yake, halafu anayetaka kuwasaidia hana la kushika.

Sasa tuje kwenye zlib. Katika Debian, na katika mifumo mingi iliyotokana nayo, maktaba moja hugawanywa katika vifurushi viwili. Kifurushi cha kwanza, zlib1g, kina maktaba yenyewe, libz.so.1, ambayo programu zilizokwisha kukompailiwa huihitaji zinapoendeshwa, na hiki ndicho ulichonacho. Cha pili, zlib1g-dev, kina faili la zlib.h linaloieleza kompaila majina ya kazi (functions) zilizomo ndani ya maktaba na namna ya kuziita, pamoja na kiungo kiitwacho libz.so, kisicho na namba mwishoni, ambacho kiunganishi hukitafuta wakati wa kuunganisha vipande vya programu. Waandaaji wa Debian walitenganisha hivyo kwa sababu watumiaji walio wengi huendesha programu tu bila kuzikompaili, na hakuna haja ya kuwajazia diski mafaili wasiyoyagusa. Andika “sudo apt install zlib1g-dev” (neno sudo huiendesha amri kwa haki za mtumiaji mkuu), kisha uendeshe tena make. Anayetumia Fedora atafute vifurushi vyenye mwisho wa “-devel” badala ya “-dev”. Anayetumia Arch hana haja ya kutafuta, maana huko havikugawanywa.

Huhitaji kukariri majina hayo. Katika Debian sakinisha apt-file, endesha “sudo apt-file update”, kisha “apt-file search zlib.h”, nawe utatajiwa kifurushi chenye faili hilo, katika Fedora amri ya “dnf provides '*/zlib.h'” hufanya kazi hiyohiyo. Aidha, ikiwa programu unayoitaka imo katika hazina lakini wewe unataka toleo jipya zaidi, amri ya “sudo apt build-dep” ikifuatiwa na jina la programu hiyo husakinisha kwa mkupuo karibu kila kitu kinachohitajika kuikompaili, mradi uwe umewasha mistari ya “deb-src” katika orodha ya vyanzo vya apt. Njia hii ya mwisho haijulikani sana, nami ningependa ijulikane zaidi, kwa sababu humwondolea mtu kazi ya kugundua upungufu mmoja baada ya mwingine kwa saa nzima.

Jumbe mbili zinafanana na huu wako, na ni vizuri uzitofautishe. “cannot find -lz” maana yake ni kwamba kiunganishi hakioni kile kiungo kisicho na namba. Dawa yake ni ileile ya kifurushi cha “-dev”. Lakini “undefined reference to” likifuatiwa na jina la kazi fulani lina maana kwamba kompaila imeridhika, ila kiunganishi hakikuambiwa maktaba ya kutazama, au kimetajiwa maktaba hiyo mapema mno. Katika mstari wa kuunganisha, maktaba hutakiwa kutajwa baada ya mafaili yanayoitegemea, na Makefile nyingi, yaani mafaili ya maelekezo ambayo make huyafuata, zilizoandikwa haraka hukosea hapo.

Kwa mradi wenye “configure”, yaani hati inayoukagua mfumo kabla ya kukompaili, upungufu wa namna hii hutokea mapema, kabla ya make. Usiridhike na sentensi fupi inayoonyeshwa kwenye skrini; fungua faili la config.log, ambamo kila jaribio limeandikwa pamoja na amri iliyotumika na jibu kamili la kompaila. Ukiambiwa “C compiler cannot create executables”, faili hilo litakuonyesha sababu, na mara nyingi ni kwamba kifurushi cha build-essential hakijasakinishwa. Kwa mradi unaotumia CMake, zana nyingine ya kuandaa ujenzi wa programu, kumbuka kwamba matokeo ya ukaguzi huhifadhiwa ndani ya CMakeCache.txt, kwa hiyo hata baada ya kusakinisha kilichokosekana unaweza kuendelea kupewa jibu la zamani. Futa folda ya ujenzi uanze upya, au, ikiwa CMake yako ni 3.24 au ya baadaye, tumia “cmake --fresh”.

SWALI: Mwalimu, mimi nilifanikiwa kukompaili na kusakinisha bila kosa hata moja, nikafurahi. Nilipoifungua programu nikaambiwa: “error while loading shared libraries: libmfano.so.2: cannot open shared object file: No such file or directory”. (Jina la maktaba nimelibadilisha.) Nimeliona faili hilo kwa macho yangu ndani ya /usr/local/lib. Inakuwaje faili liwepo halafu lisionekane? — Msomaji anayejifunza mwenyewe

JIBU: Anayetafuta faili hapa ni mwingine. Wakati wa kukompaili, aliyetafuta maktaba alikuwa kiunganishi, na yeye aliiona. Wakati wa kuendesha, kazi hiyo hufanywa na kipakiaji cha mfumo, ambacho hakipekui diski nzima bali husoma orodha iliyoandaliwa mapema na kuhifadhiwa katika /etc/ld.so.cache. Maktaba yako ilipowekwa, orodha hiyo haikuandikwa upya. Endesha “sudo ldconfig”, na katika Debian na jamaa zake jambo hilo kwa kawaida hutosha, maana folda ya /usr/local/lib tayari imetajwa miongoni mwa zinazokaguliwa.

Katika Fedora folda hiyo haimo katika mpangilio wa awali. Andika mstari mmoja wenye “/usr/local/lib” ndani ya faili jipya katika /etc/ld.so.conf.d, ongeza na “/usr/local/lib64” kwa kuwa miradi mingi huweka maktaba za biti 64 huko, kisha uendeshe ldconfig. Ikiwa huna haki za mtumiaji mkuu, au unajaribu tu, unaweza kuelekeza kipakiaji kwa muda kwa kuandika LD_LIBRARY_PATH=/usr/local/lib mbele ya jina la programu kwenye mstari uleule wa amri. Nisingependa uiweke kauli hiyo katika faili la mipangilio ya kudumu, kwa kuwa hapo itaathiri kila programu unayoifungua, na siku nyingine utashangaa kwa nini programu isiyohusika kabisa imeanguka.

Wasomaji wengine wawili wenye tatizo hili wameuliza kama wanaweza kuunda kiungo chenye jina la libmfano.so.2 kinachoelekeza kwenye libmfano.so.3 waliyonayo. Tafadhalini msifanye hivyo. Waandishi wa maktaba hubadilisha namba hiyo pale ambapo toleo jipya halipatani na programu zilizokompailiwa kwa la zamani: muundo fulani wa data umeongezwa sehemu, au kazi fulani imebadilishiwa aina ya thamani inazozipokea. Programu inaweza kufunguka vizuri, ikafanya kazi kwa wiki kadhaa, kisha ikaharibu faili ulilokuwa ukilihifadhi. Ikompaili upya ikiwa na maktaba mpya. Huo ndio uzuri wa kuwa na msimbo chanzo mkononi.

Kuona maktaba zote ambazo programu inazitaka, amri ya “ldd” hutosha, na palipoandikwa “not found” ndipo penye upungufu. Kwa programu usiyoiamini tumia “objdump -p” badala yake, kwa sababu katika mazingira fulani ldd inaweza kuiendesha programu yenyewe.

SWALI: Ninakompaili programu kubwa ya C++. Ikifika mbali, kompyuta inaganda, kipanya hakisogei, halafu baada ya muda naona “g++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus”. Nikirudia, inakwama faili jingine. Je, prosesa yangu ina joto kupita kiasi? — Mpenda programu huria

JIBU: Joto lingeweza kuizima kompyuta ghafla, lakini lisingeacha ujumbe huu. Neno “Killed” linaonyesha kwamba keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, yenyewe ndiyo iliyoisimamisha kompaila kwa sababu kumbukumbu ya RAM ilikuwa imekwisha. Ukitaka uthibitisho, endesha “sudo dmesg” mara baada ya tukio na utafute maneno “Out of memory”.

Msimbo wa C++ unaotumia violezo (templates) kwa wingi unaweza kumfanya cc1plus mmoja ashike gigabaiti moja au zaidi. Ukiandika “make -j$(nproc)” kwenye kompyuta yenye nyuzi 12 na RAM ya gigabaiti 8, hesabu haikubaliani. Kanuni ninayoifuata mimi kwa miradi ya aina hii ni kutoa gigabaiti 2 za RAM kwa kila kazi, hivyo kwa gigabaiti 8 nisingevuka “-j4”, na kwa hatua ya mwisho ya kuunganisha, ambayo mara nyingi ndiyo nzito kuliko zote, ningerudi hadi “-j1”. Tena usiandike kamwe “-j” bila namba kwenye mradi mkubwa, maana hapo make haina kikomo chochote.

Ikiwa hata kazi moja haiingii, ongeza eneo la kubadilishana (swap) kwenye diski, linalosaidia RAM inapojaa. Kwa diski yenye mfumo wa ext4, unda faili kwa “sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=4096”, lifunge kwa “sudo chmod 600 /swapfile”, kisha “sudo mkswap /swapfile” na “sudo swapon /swapfile”. Kazi itakwenda polepole, lakini itafika. Wala huna haja ya kuanza mwanzo: tangu Stuart Feldman alipoiandika mwaka 1976 katika maabara za Bell, make hulinganisha muda wa kubadilishwa kwa mafaili na kurudia yale tu ambayo matokeo yao hayapo au yamepitwa. Endesha amri ileile tena, nayo itaendelea ilipoishia. Hivyo basi, usiandike “make clean” kila unapokutana na kosa. Wengi hufanya hivyo kwa mazoea na kupoteza kazi ya saa nyingi.

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka mingi nimekuwa nikitumia programu moja ya zamani ya lugha ya C ambayo mwandishi wake ameiacha. Nilikuwa nikiikompaili kwenye kompyuta yangu ya awali bila shida. Kwenye kompyuta mpya, msimbo uleule unatoa “multiple definition of” kwa majina kadhaa, na nilipohangaika nayo nikakutana na “implicit declaration of function”. Msimbo haujabadilika hata herufi moja. Ni nini kilichobadilika? — Mhandisi mstaafu

JIBU: Mzee wetu, kilichobadilika ni kompaila, na mabadiliko yenyewe yana tarehe.

La kwanza lilikuja na GCC 10 mwaka 2020. Kabla ya hapo, kigezo kimoja cha jumla (global variable) kikitajwa bila thamani ya mwanzo katika mafaili kadhaa ya C, GCC ilivikusanya vyote kuwa kitu kimoja bila kuuliza. Kuanzia toleo hilo kila faili huhesabiwa kuwa na chake, na kiunganishi kikikuta viwili vyenye jina moja hukataa. Tabia ya zamani inarudishwa kwa alama ya “-fcommon”. Marekebisho ya kweli ni kuandika “extern” mbele ya kigezo hicho katika faili la vichwa (lenye mwisho wa .h), na kukitaja bila neno hilo katika faili moja tu la .c.

La pili lilikuja na GCC 14 mwaka 2024. Kiwango cha C cha mwaka 1999 kiliondoa ruhusa ya kuita kazi ambayo haijatangazwa, lakini GCC iliendelea kuvumilia kwa kutoa onyo tu, kwa takriban miaka 25. Sasa onyo limekuwa kosa. Ninajua kwamba badiliko hili limewachosha watumiaji wengi wa programu za zamani, lakini ninaliunga mkono kwa moyo wote, na nitaeleza sababu. Kazi isiyotangazwa hudhaniwa kurudisha namba kamili ya aina ya int, yenye biti 32. Ikiwa kwa kweli inarudisha anwani ya kumbukumbu, ambayo kwenye kompyuta za leo ina biti 64, nusu ya anwani hiyo inakatwa na kutupwa. Programu hukompailiwa vizuri, kisha huanguka mahali pasipoeleweka, au hufanya kazi leo na kuanguka kesho. Kwa hiyo, kabla ya kunyamazisha kosa hili, tazama kazi iliyotajwa na usome ukurasa wake wa mwongozo kwa amri ya “man”. Humo imeandikwa ni faili gani la vichwa linalotakiwa kuingizwa kwa “#include”. Mara nyingi mstari mmoja unaoongezwa juu ya faili humaliza tatizo.

Kama makosa ni mengi mno na unahitaji programu leo, jaribu “make CFLAGS="-O2 -fcommon -std=gnu89"”, au kwa GCC 14 na kuendelea, weka “-fpermissive” mahali pa “-std=gnu89”. Na ikiwa kompyuta yako ina GCC 15, iliyotoka mwaka 2025, fahamu kwamba kiwango chake cha kawaida sasa ni C23, ambamo “bool”, “true” na “false” ni maneno ya lugha yenyewe, na mabano matupu katika tangazo la kazi yana maana kwamba kazi hiyo haipokei kitu. Misimbo ya zamani iliyojitungia “bool” yake hugonga mwamba hapo, na “-std=gnu17” huirudisha katika hali iliyoizoea.

Kuna mtego mmoja ambao ningependa uuangalie kwa makini, kwa kuwa hautoi ujumbe wowote. Hati za “configure” za zamani hupima uwezo wa mfumo kwa kukompaili vipande vidogo vya C, na vipande hivyo navyo viliandikwa kwa mtindo wa zamani. Kompaila mpya ikivikataa, hati haidhani kwamba kipande chenyewe kina kosa. Huandika “no” na kuendelea kana kwamba mfumo wako hauna uwezo huo. Programu inajengwa hadi mwisho, lakini ikiwa na sehemu zilizozimwa. Linganisha orodha ya “checking for” ya kompyuta ya zamani na ya mpya ukiweza, na penye tofauti usiyoitarajia, fungua config.log. Ikiwa mradi una configure.ac, amri ya “autoreconf -fi” huiandika hati hiyo upya kwa zana za sasa na mara nyingi huponya tatizo.

Wanaotumia CMake wamekutana na jambo linalofanana na hilo: CMake 4.0 ya mwaka 2025 haikubali tena miradi inayodai kupatana na matoleo yaliyotangulia 3.5. Kuongeza “-DCMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM=3.5” kwenye amri huwavusha wengi.

Na kabla ya kurekebisha chochote kwa mkono, angalia kama Debian bado wanaihifadhi programu hiyo. Amri ya “apt source” huleta msimbo pamoja na folda ya debian/patches, ambamo mara nyingi utakuta marekebisho haya haya yamekwisha kufanywa na wajitoleaji, yakiwa na maelezo.

SWALI: Ninapoandika “pip install” ili kusakinisha kifurushi cha Python naambiwa “externally-managed-environment”. Kuna mtu ameniambia niongeze “--break-system-packages”. Je, ni salama? — Msomaji

JIBU: Si salama, na jina la alama hiyo limechaguliwa ili likuonye. Debian tangu toleo la 12 la mwaka 2023, na mifumo mingine kadhaa, huzuia pip isiandike juu ya vifurushi vya Python vinavyosimamiwa na mfumo, kwa kuwa zana kadhaa za mfumo wenyewe zimeandikwa kwa Python na zinavitegemea. Sakinisha kifurushi cha python3-venv, unda mazingira yako kwa “python3 -m venv mazingira”, kisha tumia “mazingira/bin/pip”. Kwa programu nzima ya kuendesha kutoka kwenye terminali, pipx hukufanyia hayo yote.

SWALI: Kila mradi huweka namba ndefu ya sha256 na faili la saini karibu na msimbo. Nimekuwa nikivipuuza. Ikiwa msimbo uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuna haja gani ya kukagua? — Fundi wa kompyuta

JIBU: Ipo haja, ingawa ni muhimu kujua kila ukaguzi unazuia nini. Ukiendesha “sha256sum” na kulinganisha namba, unajua kwamba faili halikuharibika njiani. Hilo peke yake lina faida, maana msimbo uliopakuliwa nusu huleta makosa ya ajabu ambayo mtu anaweza kuyahangaikia siku nzima. Lakini mtu mbaya aliyeweza kubadilisha faili kwenye tovuti anaweza pia kubadilisha namba iliyo kando yake. Saini inayokaguliwa kwa “gpg --verify” ina nguvu zaidi, mradi ufunguo wa mwandishi umeupata kwa njia nyingine, si kutoka ukurasa uleule.

Hata hivyo saini nayo ina mpaka wake, na tukio la xz la mwaka 2024 lilionyesha mpaka huo wazi. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya maktaba hiyo ya kubana data yalikuwa na mlango wa siri uliowekwa na mmoja wa watunzaji wa mradi, na saini zake zilikuwa halali. Sehemu ya hila hiyo ilikuwa ndani ya faili la m4, yaani miongoni mwa mafaili yanayozalisha hati ya configure, na faili hilo la hila lilikuwamo katika fungu la msimbo lililotolewa kwa umma lakini halikuwamo katika hazina ya git ambayo watu huisoma. Aliyeigundua ni mhandisi Andres Freund, ambaye alikuwa akichunguza kwa nini kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao kwa ssh kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Aliitangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla haijaenea katika matoleo thabiti ya misambazo mikubwa ya Linux.

Kwa mtu wa kawaida, ninachoshauri baada ya tukio hilo ni haya. Penye kifurushi cha mfumo wako, tumia hicho. Kompaili mwenyewe pale tu penye sababu. Usiendeshe “configure” wala “make” kwa sudo, kwa kuwa hati hizo ni programu kamili zinazoweza kufanya lolote ambalo mtumiaji anayeziendesha anaruhusiwa kufanya. Na maelekezo yanayokutaka upakue hati kwa curl na kuimimina moja kwa moja kwenye “sudo sh”, yakatae: ipakue kwanza, uifungue, uisome, ndipo uamue.

SWALI: Nimesakinisha toleo jipya kwa “sudo make install”, lakini nikiandika jina la programu linafunguka la zamani. Sasa nataka kuliondoa hili jipya nianze upya, na apt haliyajui hata mafaili yake. Nifanyeje? — Mtumiaji mpya wa Linux

JIBU: Anza kwa “type -a” ikifuatiwa na jina la programu, utaonyeshwa nakala zote zilizopo kwa mpangilio ambao terminali huzitafuta. Ikiwa ile ya /usr/local/bin ndiyo ya kwanza katika orodha na bado inafunguka ya zamani, basi bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali, imekumbuka mahali ilipoikuta awali. Andika “hash -r” isahau, na huenda usihitaji kuondoa chochote.

Ukiamua kuondoa, rudi ndani ya folda ileile uliyokompailia na ujaribu “sudo make uninstall”. Si kila mradi una amri hiyo. Kwa CMake, folda ya ujenzi ina faili la install_manifest.txt lenye orodha ya kila kilichowekwa, lisome kwanza, na ukiridhika, “sudo xargs rm < install_manifest.txt” itayafuta mafaili hayo. Ikiwa hakuna kati ya hivyo viwili, sakinisha tena kwenye folda tupu kwa “make install DESTDIR=/tmp/jaribio”. Si kila Makefile inaiheshimu DESTDIR, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba folda hiyo imejaa. Ikijaa, utaona muundo kamili wa mafaili ambayo programu huyaweka, nawe utaweza kuyatafuta chini ya /usr/local na kuyaondoa moja baada ya jingine. Apt haikuweza kukusaidia kwa kuwa /usr/local imeachwa kwa makusudi iwe eneo la msimamizi wa kompyuta, na mfumo wa vifurushi haugusi mafaili yaliyomo.

Utakaporudia, mpe configure alama ya “--prefix=$HOME/.local”, au kwa CMake “-DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/.local”. Hutahitaji sudo wakati wa kusakinisha, na mafaili ya mfumo hayataguswa. Kwa programu kubwa yenye mafaili mamia, mimi hupendelea kuipa folda yake yenyewe, kwa mfano $HOME/programu/jina-toleo, na kuweka kiungo kimoja tu ndani ya $HOME/.local/bin, kuiondoa ni kufuta folda hiyo na kiungo chake. Hakikisha tu kwamba $HOME/.local/bin imo katika PATH yako, yaani orodha ya folda ambamo terminali hutafuta programu: Debian huiongeza yenyewe kupitia faili la .profile unapoingia, lakini ikiwa folda hiyo haikuwapo ulipoingia, itakubidi utoke na kuingia tena.